Ufunguo Ubaki Ukingoni

Maneno ya mfanyakazi wa shirika mbele ya mkutano wa wanachama, Malemba-Nkulu, juu ya kujenga Nyumba ya Maji kwa salongo. Tumeyaandika sawa vile yalisemwa, tukapunguza tu yale yenye yalirudiliwa.

Prezida ameniomba niseme kwa dakika 20, tena ameniomba nisiseme Kifaransa cha mradi. Nitajaribu. Nikitoa neno lenye halieleweki, mama mmoja anyooshe mkono, nitalirudilia kwa Kiswahili chetu.

Shauri lenye liko mbele yenu ni moja: tujenge Nyumba ya Maji pale kivukoni kwa mikono yetu, ao tungoje? Ninasema Nyumba ya Maji kwa maana ya mahali pa kazi zote za maji: kufundisha watoto kuogelea, kutengeneza mitumbwi na nyavu, kutia dawa ndani ya maji ya kunywa, kuweka vyombo vya kuokoa mtu. Mtapiga kura kisha mimi nimetoka. Lakini mbele ya kura lazima niwaambie kitu.

Musimu huu wa mvua, mtoto mmoja wa miaka tisa alianguka toka mtumbwini pale kivukoni kwetu. Sitataja jina. Jamaa yake iko hapa ndani, na wameniruhusu niseme hivi tu, nisizidishe. Mtumbwi ulikuwa umekwisha kufika. Zilibaki hatua kama kumi ili uguse udongo. Mtoto mwenye amekomea hapa angepiga maji kidogo na kushika mafunjo. Huyu alizaliwa Kamina, akakomea kando ya reli, na maji yenye alijua ni yale ya bidoni. Alinyamaza tu. Watu wengi wanafikiri mwenye kufa maji anapiga kelele. Hapana. Mara nyingi ananyamaza, juu kinywa kiko chini ya maji.

Ukingoni walikuwa watu zaidi ya 30. Wengine waliita jina la Mungu, wengine walikimbia kutafuta mtumbwi mwengine, wawili waliruka. Kati ya hao wawili, mmoja naye karibu abaki. Kamba haikuwako. Kitu cha kuelea hakikuwako.

Sasa niseme yenye yananihusu mimi. Ndani ya depo ya shirika, hatua 200 toka pale, kulikuwa majile ya kuelea 12, mapya, bado ndani ya plastiki. Depo ilikuwa na kufuli. Ufunguo ulikuwa ndani ya mfuko wangu, na mimi nilikuwa Kamina nikiandika ripoti. Ndani ya ile ripoti niliandika kwa mkono wangu: majile 12, hali nzuri.

Niliporudi, mama mmoja muuza samaki alinisimamisha njiani. Hakunitukana. Aliuliza tu: "Animatere, ufunguo ilikuwa wapi?"

Wapendwa, yote yenye nitasema leo yanatoka kwa swali la yule mama. Kitu chenye kinaokoa mtu ni kile chenye kiko ukingoni saa ileile, mikononi mwa mtu mwenye yuko pale kila siku. Cha Kamina hakiokoi. Cha ndani ya depo hakiokoi. Na njia moja tu ya kufanya ufunguo ubaki ukingoni ni kwamba watu wa ukingoni wajenge wenyewe, na waichunge wenyewe.

*Maji yalikuwa yetu*

Kuna watu watasema: watu wa Malemba-Nkulu wafundishwe kuogelea? Ni sawa na kufundisha samaki. Ninaelewa. Sisi ni watu wa Lualaba. Wataalamu wenye walichimba makaburi ya zamani pale Sanga, mwaka 1957 na 1958, kisha hapa Malemba-Nkulu mwaka 1975, walikuta vyungu, shanga na misalaba midogo ya shaba. Walikuta kwamba watu wameishi kando ya mto huu na maziwa haya zaidi ya miaka 1,000. Watu hawakai mahali miaka 1,000 kama hawajui kuishi na maji ya pale.

Wakati wa vita maji yalitufichia uhai. Mwaka 2005, wakati wa mapigano ya jeshi na Mai-Mai, watu walikimbilia upande wa ziwa Upemba na wengine walilala juu ya visiwa vya mafunjo vyenye vinaelea. Kati yenu wako wenye walilala pale, wananiangalia sasa. Wanajua namna udongo wa mafunjo unatingisha usiku.

Lakini wengine walipanda kwenda Kamina, Bukama, Likasi, Lubumbashi. Wengine walirudi 2007, wengine kisha miaka kumi, wengine wamerudi juzi. Mtu mzima akirudi, mikono yake inakumbuka kasia. Mtoto mwenye alizaliwa kule harudi. Anafika kwa mara ya kwanza. Tunamwita "mwenye kurudi" kwa karatasi, lakini kwa maji yeye ni mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa kasia siku ya kwanza, bila kumwonyesha maji.

Nilizunguka kata zetu nikiuliza wazazi wenye wamerudi miaka hii: mtoto wako anajua kuogelea? Wengi walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Mzee mmoja mvuvi, mwenye hakukimbia hata siku moja, aliniambia: "Bale batoto banaogopa mayi sawa vile moto. Na mutu mwenye kuogopa mayi, mayi inamuona."

*Si sisi peke yetu*

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2024: watu karibu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote. Mmoja kati ya wanne alikuwa mtoto chini ya miaka mitano. Na bara letu la Afrika ndilo linapoteza watu wengi zaidi ukilinganisha na hesabu ya wakaaji. Hawa si watu wa meli kubwa za bahari. Wengi ni watu sawa sisi, karibu na nyumbani, mchana, kwa kazi ya kila siku.

Mnakumbuka ya Goma. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli yenye ilitoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakingoja jamaa zao, na waliona kwa macho. Makumi walikufa. Mambo ya kivukoni kwetu na mambo ya Kituku yana mwili tofauti lakini mifupa ni ileile: macho mengi ukingoni, mikono mitupu.

Sasa niwaambie wenye walifanya kitu. Bangladesh ni inchi ya mito na mabwawa, na watoto wengi wadogo walikuwa wanakufa maji asubuhi, wakati mama yuko kwa kazi. Vijiji vilianza kukusanya watoto wadogo nyumbani mwa mama mmoja mwenye amefundishwa, toka saa tatu mpaka saa saba, siku sita kwa juma. Hakuna mashine pale. Ni mama, mkeka na mlango wenye kufungwa. Vifo vya wale wadogo vilishuka sana. Kisha wakaanza kuwafundisha wakubwa, toka miaka sita, kuogelea ndani ya bwawa lenye limezungushiwa miti.

Na kule Zanzibar, kijiji cha Nungwi, kuna mradi unaitwa Panje. Ulifundisha wasichana kuogelea na kuokoa mtu, wakivaa nguo ndefu yenye heshima, ili wazazi wasiwe na neno. Wale wasichana walizaliwa hatua chache toka baharini na hawakujua kuelea. Kwa hiyo msione haya. Hata watu wa bahari walihitaji mwalimu.

*Nyumba yenyewe ifanye nini*

Sitaki nyumba ya kupiga picha. Ninataka iwe na kazi nne, na kila kazi iwe na mtu wake.

Ya kwanza, kufundisha watoto toka miaka sita: kuelea kwa mgongo, kurudi ukingoni, na kuokoa mwenzako bila kufa naye. Mahali pazungushiwe uzio wa miti ya nguvu juu ya mamba, maji yafike kifuani mwa mtoto tu, na mtumbwi mmoja wenye mtu mzima ukae upande wa mto wakati wote. Wasichana wafundishwe na wamama. Mvuvi mmoja na mama mmoja wameisha sema watafundisha. Hawakuuliza bei.

Ya pili, kuokoa. Na hapa niseme kitu chenye kila mtu anaweza kufanya kesho, hata kama kura ya leo ni hapana. Bidoni tupu la lita 20, lenye kifuniko kimefungwa sawasawa, linabeba mtu mzima juu ya maji. Funga kamba ya mita 15 kwa mkono wake. Mwenye anazama, usimrukie. Mtupie bidoni, ashike, vuta. Mkiwa na bidoni sita kandokando ya kivuko, zikipakwa rangi nyekundu, mumefanya zaidi ya majile yangu yote ya ndani ya depo. Na mtu akitolewa majini bila kupumua, tusimninginize kichwa chini, tusimkanyage tumbo. Wazee wetu walifanya hivyo kwa upendo, lakini inapoteza wakati. Alazwe kwa mgongo, kichwa kirudishwe nyuma kidogo, pua ibanwe, apuliziwe pumzi mdomoni, kisha asukumwe kifua. Infirmie wa kituo chetu cha afya amekubali kuonyesha kila mtu, kundi kwa kundi.

Ya tatu, dawa ya maji. Kolera haijawahi kutuacha. Kila mwaka inaamka kandokando ya Lualaba na maziwa, na inaanza palepale kwenye wavuvi na wasafiri wanashuka. Kwa hiyo mahali pa kutia klore pawe palepale, mtu aweke kipimo ndani ya bidoni ya kila mama mwenye anatoka kuteka, na mama angoje nusu saa mbele ya kunywesha watoto. Kwa ukuta tuandike kwa rangi yale maji ya mtu mwenye kuharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anapewa njiani akipelekwa kwa kituo cha afya. Hayachukui nafasi ya kituo.

Ya nne, kazi ya mikono: kivuli cha kufuma nyavu, mahali pa kuziba mitumbwi, meza za kuanika samaki juu ya udongo. Kazi hii ndiyo itafanya nyumba isilale. Nyumba ya kuogelea peke yake, wakati wa baridi ya Julai asubuhi, itabaki tupu. Lakini mahali kwenye watu wanafuma nyavu kila siku, kila siku kuna macho ya watu wazima juu ya maji.

*Nilikosea mahali*

Mwaka jana kiangazi nilipima mahali. Nilipata uwanja mzuri, sawa meza, hatua 15 toka mtoni. Nilipigilia vijiti vinne, nikafunga kamba, nikapiga picha. Mzee mmoja alikuwa ameketi akivuta tumbako, ananiangalia toka asubuhi. Nilipomaliza akauliza: "Animatere, unajengea samaki?"

Alinipeleka kwa mwembe wenye uko juu kidogo, akanionyesha alama ya matope kwa gome, juu ya kiuno changu. Maji ya mwaka mmoja tu. Ninyi mnajua, hata leo, mwisho wa Aprili, maji bado hayajashuka yote, na vijiti vyangu viko chini yake. Nina diploma ya chuo kikuu, na sikuuliza swali lenye mtoto wa hapa angeniuliza.

Kwa hiyo mahali pamebadilika. Mzee na wenzake wamechagua kile kilima kidogo karibu na mwembe. Shefu ameisha kusema udongo ule si wa mtu, na ninaomba aliseme tena mbele ya mashahidi, liandikwe, mbele ya tofali la kwanza. Kila mtu hapa anajua namna gani mashauri ya udongo yanaanza kisha watu kurudi.

Na mbele ya nyumba, choo. Watu wakikusanyika kivukoni bila choo, tutakuwa tumejenga nyumba ya kolera. Choo kiwe hatua 40 ao zaidi toka mtoni, juu ya alama ya mafuriko, shimo lisifike karibu na maji ya chini. Choo kikikosekana, mimi mwenyewe nitasema tusimamishe.

*Salongo, lakini salongo gani?*

Wazee wakisikia neno salongo wanakunja uso. Wanakumbuka ile ya Mobutu, ya lazima: unatolewa nyumbani, unakata majani ya barabara, na mkubwa anasimama kivulini. Sisi hatutaki ile. Lakini tulikuwa na kusaidiana mbele ya Mobutu: kujengea mjane nyumba, kulima shamba la mgonjwa, na mwenye shamba anapika. Ndiyo hiyo ninaomba.

Kijana mmoja aliniambia wazi kwa mkutano wa kata: "Weye unalipwa kila mwezi, siye tunabeba matofali bure." Ni kweli. Sikupata la kumjibu isipokuwa hesabu. Nyumba hii ni kivuli kikubwa chenye ukuta mfupi wa kiuno, pamoja na chumba kimoja cha vyombo. Fundi amehesabu matofali 8,000, pamoja na yale yenye yatavunjika. Watu kumi wenye kusaidiana vizuri wanafyatua 300 kwa siku. Makundi matano, Alhamisi sita, ni matofali 9,000. Alhamisi, juu Jumamosi ni ya ndugu zetu Waadventista na Jumapili ni ya wengi wetu. Tuanze Juni udongo ukikauka, tuchome mwisho wa Julai, kuta Agosti, paa Septemba, mbele ya mvua ya Oktoba. Kwa mtu mmoja ni siku sita za matofali na tatu ao nne za kusaidia fundi. Ni hizo tu. Mtu akiwaombea siku zaidi, hata akiwa mimi, mkatae.

Mwenye hawezi kubeba asibebe. Mama mwenye mimba, mzee, mgonjwa, mjane mwenye watoto wadogo: kazi yao iandikwe nayo. Kupika bukari na samaki kwa kundi ni siku ya kazi. Kuchunga watoto wa wenye wanafyatua ni siku ya kazi. Daftari moja, katibu mmoja, na kila Alhamisi jioni lisomwe kwa sauti. Mahali kwenye daftari halisomwi, maneno ya chini yanaanza.

Lakini kuna kitu salongo haiwezi kuleta: malata, misumari, simenti ya msingi, na malipo ya fundi. Hapa niwe wazi. Sijaleta ahadi. Nimeandika barua kwa wakubwa wangu kuomba malata, misumari na simenti. Jibu halijafika. Linaweza kuwa hapana. Kwa hiyo msipige kura juu ya malata. Pigeni kura sawa vile malata hayako. Likiwa hapana, tutafunika na nyasi, na fundi amesema atakubali kulipwa kwa samaki na mahindi, kidogokidogo, kupitia likelemba ya mutuele. Nimeona kwa kijiji kingine nyumba nzuri yenye ilijengwa na shirika moja kwa majuma matatu, na mafundi wa mbali, na bango kubwa mbele. Leo mlango hauna kitasa na mbuzi ndio wanachama. Hakuna mtu wa pale anasema "nyumba yetu". Wanasema "nyumba ya mradi".

*Wenye walibaki*

Sasa jambo lenye ni gumu zaidi ya matofali. Mutuele hii ni ya wenye wamerudi. Ni haki yenu. Mliianza wakati hakuna mtu aliwapokea, mkazika wafu wenu pamoja, mkalipiana karo ya watoto. Lakini Nyumba ya Maji ikiwa ya wenye kurudi peke yao, itakufa.

Ninasikia maneno kwa pande zote. Huku: "Wale walibaki wakala mashamba yetu." Kule: "Wale walikimbia wakatuachia risasi, leo wanarudi na mashirika nyuma yao." Mimi si hakimu wa hayo. Lakini fikirini: nani anajua mkondo wa maji pale kivukoni? Nani anajua mamba analala upande gani mwaka huu? Ni wenye walibaki. Na watoto gani wanahitaji kufundishwa zaidi? Ni wenu. Mwalimu yuko upande ule, mwanafunzi yuko upande huu. Kidole kimoja hakiui chawa.

Kwa hiyo ninaomba makundi yote matano yachanganyike, nusu na nusu, toka siku ya kwanza ya udongo, kusudi mtu asije akaalikwa siku ya mwisho kupiga makofi. Na kwa ukuta pasiandikwe jina: si la mutuele, si la shirika, si la prezida wala la animatere. Ile siku ya kivukoni, kati ya wale wawili wenye waliruka, mmoja alikuwa wa huku na mmoja wa kule. Hawakuulizana.

*Ufunguo*

Nimalize na ufunguo. Chumba cha vyombo kitakuwa na kufuli, juu nyavu na mbao zinaibiwa. Funguo ziwe tatu, na zikae na watu watatu wenye hawatoki kivukoni mchana: mama mmoja wa samaki, mvushaji mmoja, kijana mmoja. Mimi sitaki hata moja. Nikihitaji kuingia nitaomba, sawa mtu yeyote.

Lakini bidoni na kamba zisiingie ndani ya chumba kamwe. Zitundikwe nje, kwa miti, usiku na mchana. Mtaniambia: zitaibiwa. Ndiyo, moja ao mbili zitaibiwa. Tutanunua nyingine. Bidoni lenye limeibiwa tunajua bei yake sokoni.

Majile yale 12 nimeisha kuyatoa. Toka juma lililopita yako nyumbani mwa mvushaji mkubwa, bila kufuli, na kwa ripoti mpya sikuandika "hali nzuri". Niliandika majina ya wenye wanayavaa.

Tarehe 25 Julai ni siku yenye Umoja wa Mataifa umeweka ya kukumbuka wenye walikufa maji. Siku hiyo kuta zetu zitakuwa bado hazijaanza. Lakini uzio wa miti unaweza kuwa tayari, na watoto wa kwanza wanaweza kuingia majini, wakishikwa mikono. Baba wa yule mtoto aliniambia atapigilia mti wa kwanza wa uzio. Ni yeye aliomba niseme hili, na nimelisema.

Sasa ninatoka, mupige kura bila kuniangalia. Mkisema hapana, nitaheshimu, lakini ninaomba zile bidoni sita. Mkisema ndiyo, tuonane Alhamisi ya kwanza ya Juni, saa kumi na mbili asubuhi, pale kwa mwembe. Nitakuja na jembe langu mwenyewe.